Kisima Kilicholala

Siku niliyokabidhiwa mnyororo wa kupimia barabara nilirudi nyumbani, mtaani Malindi, mbio, viatu mkononi, nikampita muuza kahawa wa pembeni kwetu bila ya kumwamkia, jambo ambalo sijapata kulifanya maishani. Mama alikuwa ukumbini anapepeta mchele. Nikamwambia, "Mama, nshapata kazi! Nnakwenda kujenga barabara ya Mkokotoni!"

Mama hakunyanyua hata uso. "Wewe peke yako?"

Basi sikuwa peke yangu, lakini siku ile nilijiona hivyo. Mnyororo wenyewe ulikuwa wa chuma, pingili kwa pingili, na kazi yangu ilikuwa kushika ncha moja, kwenda nayo mbele na kusimama mpaka bwana mkubwa anyooshe mkono. Kazi ya namna hiyo haitaki elimu nyingi, na mimi elimu yangu ni ya chuoni, ya kusoma Kurani, na hesabu kidogo nilizofundishwa baadaye. Sikuchukuliwa kwa hesabu. Nilichukuliwa kwa kuwa upande wa baba ni watu wa shamba, wa kijiji kilicho karibu na Mkokotoni, na ofisini walitaka mtu anayejua kusema na watu wa huko.

Bwana mkubwa alikuwa Mzungu wa kazi za serikali, mrefu, mwekundu wa shingo, nasi tulimwita Bwana Mnyororo. Kiswahili akikijua vizuri, ila alikisema kama mtu anayesoma hotuba ya Ijumaa, kila neno limesimama mbali na jirani yake. Siku ya kwanza alituambia, "Watu wa kijiji hiki wameiomba barabara wao wenyewe. Sheha wao ameiomba. Serikali imekubali."

Nikaona fahari ambayo siwezi kuieleza. Kijiji chetu kile, chenye msikiti wa makuti na mbuzi wanaolala njiani, kimeomba barabara na mjini wamesikia! Maana ombi halifiki mjini hivi hivi. La mwanakijiji humfikia sheha, mkubwa wa kijiji, sheha akalipeleka kwa mudir, mkubwa wa wilaya, Mkokotoni, na mudir akalipeleka mjini. Mjini wakishaamua, amri huteremka kwa njia ile ile. Mimi nilifikiri jambo hilo ni kama ndoo inayopita mkono kwa mkono. Sikufikiri kwamba kila mkono unaoipokea humwaga kidogo.

Furaha yangu ilikuwa na sababu nyengine. Kijijini yuko shangazi yangu, dada wa baba, ambaye ndiye aliyenilea miaka ile mama alipokuwa mgonjwa. Shangazi anasuka mikeka. Ukindu wake anautia rangi mwenyewe, na wekundu wake unajulikana mpaka sokoni Darajani, watu hugusa mkeka kwa kidole na kusema, "Huu wa yule bibi wa Mkokotoni." Lakini wakati wa kiangazi alituletea habari kwamba kisima cha kijiji kimeingia chumvi. Maji matamu yako mbali, na miguu yake haiwezi tena. Maji ya chumvi hayashiki rangi, na mkeka usio na rangi hauna mnunuzi. Kwa hivyo ameona bora ahamie mjini kwetu.

Mama alifurahi, akaanza kupanga chumba. Mimi sikufurahi, ingawa nampenda kama roho yangu. Namjua shangazi akiwa mjini. Hukaa dirishani akitazama kichochoro, mikono imelala mapajani, kama mtu aliyewekwa rehani na kusahauliwa. Nikajiambia: barabara itatengeneza yote. Mikeka itakwenda kwa gari la ng'ombe, maji yatakuja kwa gari la ng'ombe, na mimi nitakuwa nakwenda kumwamkia asubuhi na kurudi kabla ya magharibi. Vipi maji ya kijiji kizima yatapandishwa garini kila siku, hilo sikulifikiria. Ndivyo nilivyo, nikianza kuota huwa siulizi bei.

Tukaanza. Bububu, kisha Mahonda, tukipima, tukipigilia mambo za miti, vile vigingi vya alama, magari ya ng'ombe yakitufuata na mahema, mitaimbo na magunia ya chokaa. Karibu na kijiji mudir akatoka kutupokea juu ya punda wake mweupe. Mudir wetu ni mtu wa asili ya Kiarabu, mnene, mkunjufu, ananukia udi hata juani, na akianza salamu hamalizi. Nyuma yake alikuja askari wake mwenye masharubu, yule anayetumwa kila mahali.

Tulipoukaribia msikiti wa makuti, nikasikia vigelegele.

Nasema kweli, machozi yalinitoka. Wanawake wa kijiji kizima walikuwa wamesimama pande mbili za njia, na kila mmoja ana mtungi kichwani. Nilijiuliza mitungi ya nini, lakini furaha haikuniacha nifikirie sana. Shangazi alikuwa mbele yao. Nikautupa mnyororo nikaenda kumbusu mkono.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekonda. Mama yako hakupi chakula?" Kisha akanishika shavu. "Umetuletea, mwanangu! Mungu akuzidishie."

Sheha naye akaja, mtu mwembamba, mwepesi wa miguu na wa maneno, kofia imekaa upande. Akawaamkia wakubwa, akatuonesha uwanja mbele ya msikiti, akasema hapa ndipo wazee walipopachagua. Bwana Mnyororo akatazama uwanja, akatikisa kichwa kwa adabu, akaniashiria. Nikaokota ncha yangu, nikaenda nayo kupitia migomba, moja kwa moja kuelekea Mkokotoni. Mnyororo ukajinyoosha. Tukapigilia mambo, tukaendelea. Sheha alitufuata kimya, mikono nyuma. Tulipounyoosha mara ya tatu hakuweza tena.

"Bwana," akamwita Mzungu, "samahani. Mimi si fundi. Lakini kisima gani hichi kilicholala?"

"Kisima?" akasema Bwana Mnyororo.

"Kisima, bwana, huchimbwa kwenda chini. Hichi chenu nakiona kinakwenda Mkokotoni."

Wanawake wakacheka. Bwana Mnyororo hakucheka. "Sisi hatupimi kisima. Sisi tunapima barabara. Barabara mliyoiomba."

Vicheko vikakatika. Mtungi mmoja ukateremshwa chini, kisha mwengine, mpaka yote ikawa chini.

"Barabara nani kaomba?" akauliza sheha.

"Wewe."

"Mimi?" Akageuka kumtazama mudir. "Mudir, mimi si nlikuja kwako nikakwambia maji yetu yameharibika?"

Mudir akajifuta uso kwa leso. "Ulikuja. Nami nikapeleka habari mjini kwamba watu wako wana haja. Nikadhani wataniuliza haja gani."

"Mjini wametuma mtu kuuliza," akasema Bwana Mnyororo.

Macho yote yakamwendea askari mwenye masharubu. Yule maskini akasimama wima kama anakaguliwa.

"Nimetumwa mimi," akasema, "na neno sikupunguza. Nlifika hapa, nikamuuliza sheha, hali zenu? Akasema, barabara. Nikamuuliza, na haja yenu je? Akasema, ni ile ile nliyokwisha kusema. Nikaenda mjini, nikasema vivyo hivyo: sheha kasema barabara, na haja yao ni ile ile aliyokwisha kusema."

Halafu shangazi akaangua kicheko, kicheko chake kile cha kujishika kiuno. "Yaarabi! Mtu kaulizwa hali, kajibu mzima, kaletewa njia!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mudir alicheka akashika shingo ya punda. Nami nilicheka, mpaka nilipomwona shangazi amegeuka anautazama mtungi wake mtupu, na uso umembadilika. Nikamsogelea. Akaniambia polepole, bila ya lawama yoyote, "Basi baba, kasha langu nshalifunga. Barabara yako ikipita, gari la kwanza litanichukua mimi."

Nimekuja na mnyororo mkononi, nikidhani naleta heri, kumbe naja kumpimia shangazi njia ya kuhama kwake.

Mashauri ya siku ile hayakwenda popote. Bwana Mnyororo alisema, "Mimi nina amri ya barabara. Sina amri ya kisima." Sheha akamjibu, "Na mimi nina watu wa kuchimba kisima. Watu wa kuchimba barabara sina." Mudir alisimama katikati akiwapoza, mara huku mara kule, na kila alipompoza mmoja mwengine alipanda. Nikaona jambo ambalo sikupata kuliona nilipokuwa mjini: huyu ana fedha na vyombo lakini hana mikono, yule ana mikono lakini hana mtaimbo hata mmoja, na mudir ana ruhusa ya kuwaita wote lakini hana cha kuwapa. Kila mmoja kashika kipande chake na anamngoja mwenzake akitupe chake.

Asubuhi yake mudir akaita baraza nyumbani kwa shangazi, kwa kuwa ua wake una kivuli. Shangazi alitandika mkeka. Niliujua ule mkeka, alikuwa akiusuka tangu kabla ya mfungo. Nusu yake nyekundu, wekundu wa kung'aa, na nusu ya pili imefifia, rangi ya tofali lililonyeshewa. Aliutandika tu, akamketisha Mzungu kwenye wekundu na mudir kwenye kufifia.

Kisha akaleta kahawa. Kwetu mgeni hakatai kahawa, na kikombe cha kwanza hukimaliza. Shangazi kahawa yake siku zote hutia tangawizi nyingi, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikificha maji. Siku hiyo tangawizi hakutia. Nilimwona mudir anakunywa funda la kwanza, macho yanamtoka, na adabu inamlazimisha kumeza.

"Bi," akasema taratibu, "pengine umekosea, ukadhani chumvi ni sukari?"

"Sijatia kitu, mudir. Hiyo imekuja na maji yake."

Bwana Mnyororo akanywa yake yote, kwa ushujaa, na uso haukumbadilika. Shingo tu ilizidi kuwa nyekundu. Akakiweka kikombe chini, akakitazama muda. Halafu akamwita fundi wetu mwashi, Muhindi mzaliwa wa mjini, ambaye alikuwa amekaa pembeni anachonga kipini cha mwiko.

"Fundi. Madaraja yetu mawili ya mbele huko, chokaa yake utaikoroga kwa maji gani?"

"Kwa maji ya hapa, bwana. Ndiyo yaliyo karibu."

"Umeyaonja?"

Fundi akasogea, akamiminiwa kidogo kikombeni, akachovya kidole na kuonja, akatema pembeni. "Astaghafiru! Haya hayafai. Daraja utalijenga leo, mwakani chumvi imelitafuna."

Niliona Bwana Mnyororo anahesabu kitu kichwani, na midomo inamtikisika kidogo kama mtoto anayehifadhi sura ya Kurani. Mwisho akasema, neno moja moja, "Kwa hivyo. Barabara. Inahitaji. Kisima."

"Barabara!" akaruka sheha, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Safari hii Mzungu naye alicheka, na tangu hapo maneno yakaenda kama maji. Mudir akasema, "Lakini ruhusa ya mjini lazima ipatikane, na safari hii hatutumi mdomo wa mtu. Tunakwenda wenyewe, sote watatu." Askari mwenye masharubu alishusha pumzi mpaka nikasikia.

Nikafuatana nao, kwa kuwa mnyororo ulikuwa na pingili iliyokatika na lazima niupeleke kutengenezwa. Basi niliwaona kwa macho yangu wakiingia jumba la serikali la Forodhani pamoja: Mzungu na kofia yake, mudir na joho lake, na sheha wa kijiji chetu kati yao, viatu vimefutwa kwa mafuta ya nazi. Mimi nilingoja nje nikijifanya naangalia mnyororo. Nilijiambia, ikiwa watu hawa watatu wameweza kukaa chumba kimoja, kitu gani hakiwezekani kisiwani humu? Nikaona visima mpaka Paje, nikaona njia zenye miti kandoni, nikaona skuli. Nilikuwa nshafika kwenye taa za kijijini walipotoka.

"Imekuwaje, sheha?"

"Wamekubali. Mitaimbo tunapewa, na roda ya kuteremshia ndoo, na saruji ya mdomo wa kisima. Sisi tutoe watu, kwanza kisima, kisha barabara. Mudir atawapa chakula." Akaniinamia sikioni. "Lakini mwanangu, nlipata taabu. Yule bwana mkubwa kanipa mkono, kaniuliza, 'Hali zenu, sheha?' Nikababaika! Nikasema alhamdulillahi, nikafunga mdomo."

Kulibaki ugomvi mmoja, wa mahali. Wazee walitaka uwanja wa msikiti, na Bwana Mnyororo alitaka kisima kiwe kandoni mwa barabara ili magari yapate maji, na barabara yake ilikuwa imenyooka kupitia migomba, mbali na msikiti. Walivutana tena, lakini si kama mwanzo; sasa walivutana kama watu wa nyumba moja. Mwishowe Bwana Mnyororo akatazama mambo zake zilizonyooka vizuri, akazitazama sana, kama mtu anayeagana na kitu, akaniambia, "Zing'oe hizi." Barabara ikapinda. Niliishika ile ncha mimi mwenyewe pale kwenye kona, mbele ya msikiti, na mnyororo ulipopinda niliona kama umeinama kuamkia.

Dua ikasomwa, mtaimbo wa kwanza akaushika sheha, wa pili mudir, ambaye alipiga mara moja akatosheka. Udongo mwekundu uliisha upesi, tukakuta jiwe. Vijana wakashuka kwa zamu, vumbi jeupe likapanda, na jiwe lile lilikuwa na kiburi. Siku zikapita. Magari yenye chokaa yakasimama yanangoja, na Bwana Mnyororo akaanza kutazama mawingu, maana mvua ikiingia kabla ya madaraja kazi imeharibika. Akasema wazi: kama maji yatakuwa ya chumvi, hawezi kuchimba kisima chengine hapo, atatafuta maji mbele, na kijiji kitabaki na barabara tu.

Shangazi alimsikia. Mchana ule ule aliniomba nimbebee kasha lake mpaka kwenye gari lililokuwa linarudi mjini kuchukua chokaa nyengine.

"Shangazi, ngoja kidogo."

"Nnangoja, baba. Lakini nangojea garini." Akapanda, akakaa juu ya kasha, mkeka wake wa rangi mbili umekunjwa mapajani.

Gari bado halijafungwa ng'ombe, kelele zikatoka kisimani. Maji! Sijui nilifikaje pale. Ndoo ikapandishwa kwa roda, imejaa maji mazito kama uji, watu wakaizunguka na hakuna aliyethubutu kuonja. Sheha alinyoosha mkono akaurudisha. Nikasikia sauti nyuma yangu, "Nipisheni."

Shangazi alikuwa ameshuka garini. Alichota kwa kiganja, akaweka ulimini, akafumba macho. Tukangoja. Akajaza mtungi, akauacha utuame, akaenda nao nyumbani kwake, na sisi sote nyuma, Mzungu, mudir, sheha, mwashi na nusu ya kijiji, kama harusi isiyo na ngoma.

Ulimi unaweza kudanganya kwa hamu, alisema baadaye, ukindu haudanganyi. Akawasha moto, akachemsha rangi yake ya magome, akatumbukiza kitita cha ukindu. Moshi ukatuingia machoni na hakuna aliyeondoka. Jua likashuka kidogo juu ya migomba. Alipoutoa ukindu kwa kijiti na kuutundika kambani, ulikuwa mweusi-mweusi kwa maji, hatukujua kitu. Tukauangalia ukikauka. Na ulivyokauka ndivyo ulivyopanda, ukawa mwekundu, wekundu ule wa Darajani, wekundu wa nusu ile ya kwanza.

Mudir hakustahamili. "Bi! Vipi?"

Shangazi akamgeukia sheha, si mudir, akamtazama kwa jicho la mchezo mpaka sheha akaanza kucheka mwenyewe.

"Barabara," akasema shangazi.

Sikusikia kilichofuata kwa vigelegele. Namkumbuka Bwana Mnyororo anautia ukindu baina ya vidole na rangi inamshika mkononi. Kisha nikasikia naitwa.

"We mtoto! Kasha langu liko kwenye gari la watu. Wataka liende mjini peke yake?"

"Naam, shangazi!" nikasema, nikakimbia.

Barabara ilipita baadaye, na madaraja yake yote mawili yamesimama. Wageni wakifika pale kwenye kona huuliza kwa nini njia imepinda mahali pasipo na mto wala kilima, na watu wa kijiji huwaambia wanywe maji kwanza. Mikeka ya shangazi siku hizi huja mjini kwa gari, kila baada ya muda, mara nyengine na papai kwa ajili yangu. Yeye mwenyewe haji. Chumba alichopangiwa, mama amenipa mimi.